Hoteli ya nyota tano na watoto wawili wadogo: nianzie wapi?

*"Habari za kazi. Mwezi ujao mume wangu ana mkutano Dar es Salaam na ofisi imemlipia hoteli ya nyota tano maeneo ya Kivukoni, siku nne. Ameniomba twende wote na watoto. Wa kiume ana miaka mitatu na nusu na hatulii hata dakika moja, wa kike ana miezi tisa na bado ananyonya. Tunaishi Dodoma, tutakuja na treni. Sijawahi kulala hoteli ya namna hiyo. Mama yangu anasema nisiwapeleke, kwamba kiyoyozi kitawapa nimonia na kwamba watanitia aibu mbele za watu wakubwa. Kaka yangu anasema hoteli kubwa ina usalama kuliko nyumbani, niache wasiwasi. Je, nimchukue binti anayenisaidia kazi? Mdogo alale wapi, ale nini? Nieleze kama mtu asiyejua kitu, maana kweli sijui."*

Dada yangu, nenda. Nimefanya kazi ya kusimamia vyumba katika hoteli za mjini kwa miaka mingi, na siku hizi nawafundisha wahudumu namna ya kupokea familia. Ukiniuliza kama watoto wako wanafaa kulala hoteli ya nyota tano, jibu langu ni ndiyo, wanafaa kabisa. Lakini nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umebeba hofu mbili za mama ambazo ni nyepesi, ukapewa na kaka yako faraja moja ambayo ni nzito kwa hatari. Nianze na ya kaka.

Nyota za hoteli hazipimi usalama wa mtoto wa miaka mitatu. Nchi za Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja, na vigezo hivyo vinaangalia mambo kama majengo, ukubwa wa chumba, vifaa, huduma, chakula na usafi. Chumba kinapopata nyota tano, maana yake mtu mzima atakaa humo kwa raha. Na raha ya mtu mzima ni pamoja na maji yanayotoka ya moto mara tu unapofungua bomba, dirisha refu linaloonyesha bahari, meza ya kioo, kitanda kirefu chenye mito sita, birika la umeme juu ya kabati, na bwawa lenye kina cha kuzama. Nyumbani kwako Dodoma umeshaondoa hatari bila hata kukumbuka: kisu umekiweka juu, jiko mtoto analijua, mlango wa nje una komeo. Hotelini hakuna aliyekufanyia kazi hiyo. Utaifanya wewe, na ukijua pa kuangalia ni ya muda mfupi tu.

Sasa aibu anayoisema mama. Hoteli za katikati ya Dar es Salaam siku za kazi hujaa watu wa mikutano, hilo ni kweli. Lakini mwisho wa wiki na sikukuu hizo hizo hujaa familia, kwa hiyo wahudumu wamezoea uji uliomwagika na mtoto anayelia kwenye lifti. Asikudanganye mtu kwamba wanakuhesabia makosa. Kinachowasumbua wageni wengine ni kitu kimoja hasa, kelele za mbio kwenye korido alfajiri na usiku, kwa sababu korido ni ndefu na sauti hupita chini ya milango. Mwambie mwanao mapema kwamba korido ni ya kutembea, umshike mkono kila mnapotoka, basi. Na chakula cha asubuhi shukeni mapema, bafe inapofunguliwa tu. Wenye mikutano hufurika baadaye kidogo, wakiwa na haraka na kahawa za moto mkononi. Mapema ukumbi una nafasi, wapishi wana muda wa kukusikiliza, na mtoto hajafikia njaa ya kulia.

Jambo ambalo hujaliuliza, na ndilo la kwanza kufanya, ni uhifadhi wenyewe. Bila shaka ofisi ya mume wako imelipia chumba cha mtu mmoja. Kwenye mfumo wa hoteli kuna jina moja na kifungua kinywa cha mtu mmoja. Mkifika wanne bila taarifa hamtafukuzwa, ila mtasimama mapokezi na watoto waliochoka na safari huku watu wakitafuta chumba kingine na kukokotoa bei mpya. Pigeni simu hotelini kwenyewe, msiishie kwa wakala au ofisi iliyofanya malipo. Ombeni majina yenu wote yaongezwe. Kwa kawaida mtu mzima wa pili huongezewa malipo, na watoto wadogo wanaolala chumba cha wazazi hawatozwi au hutozwa kidogo, lakini umri na kiwango kila hoteli ina vyake. Ulizeni bei kwa shilingi, ikiwa na VAT na gharama za huduma ndani yake, na muulize pia nani atalipa nyongeza hiyo, ofisi au nyinyi. Mlimalize hilo kabla ya safari.

Kwenye simu hiyo hiyo ombeni mambo haya, kisha yathibitishwe kwa barua pepe au ujumbe wa simu: kitanda cha mtoto mchanga, godoro la ziada kwa ajili ya mkubwa, chumba kisicho na roshani, na friji ndogo ya chumbani iondolewe vinywaji vyote kabla hamjaingia. Hili la mwisho usilidharau. Hoteli nyingine zina friji zinazojua chupa imeondolewa na kuandika deni papo hapo, na mtoto wa miaka mitatu na nusu atazitoa zote ndani ya dakika tano. Vitanda vya watoto huwa ni vichache kwa jengo zima, anayeomba mapema ndiye anayepata. Ulizeni pia kama mnaweza kupewa chumba kabla ya muda wa kawaida, ambao hoteli nyingi huuweka saa nane mchana. Stesheni ya Magufuli iko mjini, hamtakuwa na mwendo mrefu hadi Kivukoni. Treni ikiwafikisha asubuhi bila mpango huo, mtakaa saa nyingi na mizigo kwenye viti vya mapokezi.

Usingizi wa mdogo ndio unaonifanya niandike kirefu. Mtoto wa miezi tisa anageuka na kutambaa, pengine anasimama kwa kushikilia. Ila bado hana nguvu wala akili ya kujinasua pale uso wake unapozama kwenye kitu laini, au mwili wake unapobanwa kati ya godoro na ubao. Kitanda cha hoteli ya kifahari kimeundwa kwa ulaini: juu ya godoro kuna tabaka jingine laini, juu yake duveti nene, yaani mfarishi wa kujifunikia, kisha mito. Kwa mtu mzima ni starehe. Kwa mtoto, ulaini huo hufunga pua na mdomo, naye huvuta tena hewa ile ile aliyoitoa hadi oksijeni inapungua, bila kilio wala purukushani. Kwa hiyo kitanda chake mwenyewe ndicho chaguo la kwanza, na kikiletwa kikague usiku wa kwanza kabla hujamlaza. Kitikise: kisicheze. Godoro liwe gumu na lijae fremu yote, vidole vyako viwili visipate nafasi pembeni. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6 hivi. Kopo la soda la kawaida, lile nene, lisipite. Shuka ivutwe ikaze. Ndani usiweke mto, duveti wala mdoli mkubwa. Mvalishe nguo za kutosha badala ya kumfunika. Mlaze chali. Akijigeuza mwenyewe usingizini, mwache. Kitanda chenyewe kikae mbali na dirisha, na kamba za pazia, na taa ya mezani, na mahali kiyoyozi kinapopulizia.

Najua akina mama wengi kwetu hulala na watoto wachanga, nawe huenda ndivyo unavyofanya nyumbani, na kwa anayenyonyesha ina faida yake. Sikukemei. Nakuomba uone tofauti ya kitanda. Kile cha kwenu pengine kina godoro gumu na shuka moja, hiki sicho. Kitanda cha mtoto kikikosekana na ukalazimika kulala naye, mpigie mhudumu simu aondoe lile tabaka la juu kama linatoka, duveti na mito yote isipokuwa wa kwako, alete blanketi jepesi. Mtoto akae upande wako, si katikati yenu, na mbali na ukingo. Kama mmoja wenu amekunywa pombe, anavuta sigara, au amemeza dawa inayoleta usingizi, mtoto asilale humo kabisa. Na usimnyonyeshee usiku kwenye sofa ukiwa na usingizi. Sofa ni mbaya kuliko kitanda, kwa sababu mtoto huteleza akakwama kwenye kona yake.

Mkubwa mlaze kwenye godoro la ziada lililowekwa chini, sakafuni, kando ya kitanda chenu. Vitanda vya hoteli ni virefu kuliko vya nyumbani na mtoto huamka usiku akiwa hajui yuko wapi. Akibingirika kutoka sakafuni, hana pa kuanguka.

Kiyoyozi sasa. Mwambie mama kwa upole kwamba nimonia huletwa na vijidudu, bakteria na virusi, vinavyoingia kwenye mapafu, mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye kikohozi. Ubaridi peke yake hauzai vijidudu. Chanjo ya PCV, inayokinga aina kubwa ya nimonia, ilianza kutolewa nchini mwanzoni mwa mwaka 2013 na ipo kwenye ratiba ya kliniki. Angalia kadi ya mdogo kama dozi zake zimekamilika kabla ya kusafiri, hiyo itamlinda kuliko kuzima kiyoyozi. Hata hivyo mama hajakosea kila kitu. Kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 hukausha pua, na mtoto aliyelowa jasho la mchana wa Dar akiingia humo atatetemeka, ataziba pua, atakataa kunyonya. Ukizima kabisa, joto la pwani lenye unyevu nalo litamkosesha usingizi, tena nyinyi mmezoea ukavu wa Dodoma na usiku wenye ubaridi. Weka nyuzi 24 hadi 26, elekeza upepo juu au pembeni, mpime kwa kumgusa shingo na mgongo. Viganja vya mtoto huwa na ubaridi hata akiwa salama, visikudanganye.

Kuna jambo la kiyoyozi ambalo wageni wengi hawalijui. Kadi ya kufungulia mlango huchomekwa ukutani ndipo umeme wa chumba unawaka. Mume wako akiondoka nayo kwenda mkutanoni, kiyoyozi kinazima na taa zinazima, na katika hoteli nyingine hata friji. Ombeni kadi mbili. Na friji hizi ndogo mara nyingi hazipoi kama ya nyumbani, kwa hiyo usitunze humo maziwa uliyokamua wala chakula cha mtoto cha kutwa nzima. Jikoni wana friji za kweli, waombe wakuwekee ukiwa umeandika jina na namba ya chumba.

Mbu wapo, hata ghorofa ya juu, maana hupanda na lifti pamoja na watu. Beba chandarua kidogo cha mtoto. Dar es Salaam ina malaria, na iliwahi kupata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo hata usingizi wa mchana wa mdogo uwe ndani ya chandarua.

Tuje kwenye maji, na hapa naomba unisome polepole.

Nyumbani, kama una hita, unawasha, unasubiri, maji yanapanda moto taratibu na mkono wako unajua. Hoteli ya ghorofa nyingi haifanyi kazi hivyo. Maji ya moto hutunzwa kwenye matangi makubwa na kuzungushwa kwenye mabomba usiku na mchana, ili mgeni wa ghorofa ya juu asingoje. Na hutunzwa kwenye joto la nyuzi 60 au zaidi kwa sababu ya afya: bakteria waitwao Legionella, wanaoleta aina mbaya ya nimonia, hustawi kwenye maji ya vuguvugu na hufa kwenye joto kali. Hoteli nzuri huweka vifaa vya kuchanganya maji kabla hayajafika bombani, lakini si zote, na vifaa huharibika. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua upesi kuliko hapo. Mwanao atavutiwa na bomba la mkono mmoja linaloinuliwa juu, kwa sababu hajawahi kuliona. Akiinua likiwa limegeuzwa upande wa moto, hutakuwa na muda wa kumfikia.

Basi siku ya kwanza, kabla hajaingia bafuni, fungua bomba la moto mwenyewe uone linafika wapi. Likichoma, waite mafundi. Si usumbufu, ni kazi yao. Unapomwogesha, anza kutia maji baridi, ongeza ya moto, malizia na baridi ili bomba lenyewe lipoe. Chovya kiwiko, kisihisi joto wala baridi. Usimwache hodhini hata kidogo ukifuata taulo, na mkubwa asiachiwe kumwangalia mdogo. Milango ya bafu ya hoteli nyingi hujifunga kwa ndani kwa kitasa chepesi. Akijifungia, usivunje mlango, piga simu mapokezi, wana ufunguo wa kufungulia nje. Muda wote mnapokuwa chumbani, mlango wa bafu uwe umefungwa, na birika la umeme liwekwe juu ya kabati pamoja na waya wake. Waya unaoning'inia ndio anaouvuta.

Ikitokea ameungua, weka palipoungua chini ya maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo na cheni zilizo karibu, isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga, barafu: hapana, vyote. Huzuia joto lisitoke au huumiza zaidi, kisha daktari hulazimika kuvikwangua. Mkinge asipate baridi, funika jeraha kwa kitambaa safi kikavu, nenda hospitali kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au ni kubwa kuliko kiganja chake.

Bwawa. Mabwawa ya hoteli za mjini hujengwa kwa watu wazima wanaotaka kuogelea baada ya kazi. Mengi hayana sehemu ya watoto, kina huanza mahali mwanao hasimami. Watu hudhani mtoto anayezama hupiga kelele na kurusha maji. Hapigi. Kupiga kelele kunahitaji pumzi, na mdomo wake unazama na kuibuka kwa muda mfupi usiotosha hata kuvuta hewa. Mikono hujisukuma chini bila hiari, haiwezi kupunga. Anazama kimya, wima, ndani ya dakika moja au mbili, pembeni ya watu wanaokunywa juisi. Mlinzi wa bwawa akiwepo ni vizuri, lakini anatazama bwawa zima, naye huenda kunywa maji. Maboya ya mikononi ni mchezo; huchomoka na kupungua upepo. Kanuni ni moja: mtu mzima awe ndani ya maji naye, mkono ukimfikia, simu ikiwa chumbani. Kwa hiyo, wewe peke yako na watoto wawili, bwawani hamwendi. Subirini baba yao arudi mkutanoni. Najua mwanao atalia kwa sababu ameliona kutoka dirishani, lakini katika hili msimlegezee hata siku moja. Na akimeza maji akapaliwa sana, kisha akaendelea kukohoa, kupumua kwa shida au kuwa mzito wa usingizi saa zinazofuata, mpelekeni hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Dirisha na roshani sitazisema kwa urefu. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kulingana na mwili wake, akiinama juu ya ukingo kichwa humtangulia. Ondoa kiti, meza na sanduku karibu na dirisha. Jaribu kama linafunguka; likifunguka zaidi ya upana wa ngumi, omba likazwe. Mkipewa chumba chenye roshani licha ya maombi yenu, mlango wake ukae umefungwa na funguo juu. Ghorofa ya chini kidogo ni nafuu kwa sababu nyingine: moto. Ukishaingia, tembea na mkubwa hadi kwenye ngazi za dharura, mhesabu milango, mwambie kwamba king'ora kikilia lifti haipandwi. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kuhusu binti anayekusaidia, sina jibu la haraka. Faida yake iko wazi: mikono minne, na watoto wanamjua. Lakini naye ni mtu anayekwenda kazini ugenini. Anahitaji kitanda na chakula, na muda wa kupumzika. Chumba cha hoteli kina idadi ya watu wanaoruhusiwa, wanaohesabiwa hata kwa ajili ya moto, na mtu mzima wa tatu mara nyingi hakubaliwi. Nimeona mabinti wakilazwa sakafuni bafuni, wakila mabaki ya sahani za watoto kwa kuwa hawakuandikwa kwenye bafe, na nakuomba usimfanyie mwenzako hivyo. Mkiweza kumlipia chumba chake, hasa kile chenye mlango wa kati, mchukueni. Mkishindwa, mwacheni na mshahara wake kamili, nanyi punguzeni mipango ya siku. Hoteli nyingi zinaweza kukutafutia mhudumu wa kukaa na mtoto kwa malipo ya saa. Kwa kawaida ni mfanyakazi wa hoteli aliye nje ya zamu, mwaminifu na mpenda watoto, lakini si lazima awe amesomea huduma ya kwanza. Mimi ningemwajiri anisaidie nikiwepo. Kumwacha mtoto wa miezi tisa jioni na mtu asiyemjua, sishauri.

Chakula kisikuumize kichwa. Unanyonyesha, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Nyonyesha mgahawani, kanga begani, hakuna atakayekuuliza. Beba unga wa lishe anaouzoea, uwaombe jikoni wakupikie uji. Mpishi wa hoteli hupika uji vizuri na hufurahi kuombwa. Viazi, boga, parachichi, ndizi, wali laini, samaki uliyemtoa miba kwa vidole vyako mwenyewe, vyote hupatikana. Kwenye bafe mchukulie mtoto kilichotolewa muda huo huo jikoni, si kilichokaa kwenye vyombo vya kupashia tangu alfajiri, na mkae mbali na meza hizo, kwa kuwa chini yake kuna moto na mvuke. Omba kiti kirefu cha mtoto chenye mkanda. Kitambaa cha meza kiondolewe. Akikivuta, chai inamfuata.

Mchana msikae chumbani kutwa. Kutoka Kivukoni mnaweza kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, mwanao ataikumbuka kuliko hoteli. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, iko karibu, na jirani yake ni Bustani ya Mimea yenye vivuli na tausi. Nendeni saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya hapo jua la Dar si la mtoto mchanga.

Mwisho, lini uache kunisoma mimi na umtafute daktari. Waulizeni mapokezi siku ya kwanza hoteli hutumia daktari gani. Muhimbili iko mjini, na Hospitali ya Aga Khan iko barabara ya Barack Obama, si mbali nanyi. Nendeni bila kungoja asubuhi kama mdogo anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mkubwa mara 40 au zaidi; kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi; kama hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea asiyeamshika. Homa yoyote, mkiwa Dar au baada ya kurudi Dodoma, ipimwe malaria, na mwambie daktari mlikuwa pwani. Akianguka kutoka kitandani akalia, akanyamaza na kucheza, mwangalie. Akizimia hata kidogo, akitapika tena na tena, au akiwa na usingizi usio wa kawaida, ni hospitali. Na kama mdogo alizaliwa njiti, ana tatizo la moyo au kifua, basi kabla hata ya kukata tiketi pita kliniki mnayohudhuria, wamwone na wakuambie ana kwa ana, kwa sababu hayo hayapimwi kwa barua.